Meru na Embu: Kuna Mengi Zaidi ya Miraa

Muulize mtu yeyote wa Mwambao kitokacho Meru ni nini, naye atakujibu kwa neno moja: miraa. Muulize kitokacho Embu, siku hizi atakwambia muguka, na huenda akaongeza maneno mengine ambayo gazeti haliwezi kuyachapisha. Ni jambo la kusikitisha kwamba nchi mbili hizi tunazijua kwa majani yaliyofungwa kwenye gunia, wala si kwa watu wake. Wahenga walisema tembea uone, nasi tunaona uvivu hata kutoka Mombasa mpaka mlima ambao maji yake hutufikia wenyewe kila siku kwa njia ya Mto Tana.

Tuanze na njia. Mwenye kutoka Mombasa aweza kupanda gari moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, mpaka Nairobi. Kutoka hapo basi au matatu humpitisha Thika na mashamba ya mpunga ya Mwea, akafika Embu baada ya kilomita 130 hivi. Huko Mwea na asisahau kununua mchele wa pishori; atakayeupikia pilau hatajuta.

Kutoka Embu barabara huambaa ubavuni mwa mlima, ikapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu mpaka Meru. Ni njia ya kupendeza, lakini ina mabonde na kona kali. Mwezi Julai mwaka 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni kwenye daraja la Mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa hivyo nasaha yangu ya kwanza ni hii: njia hiyo ipite mchana. Utaokoa roho, na utayaona mashamba ya chai na kahawa ambayo usiku huyafunika.

Nasaha ya pili ni nguo. Meru mjini ni karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanzu ya melimeli haitoshi alfajiri ya mwezi wa Julai. Chukua sweta. Na alfajiri hiyo hiyo usilale baada ya sala, kwani ndipo mlima unapojionyesha, na jua likipanda hujifunika mawingu kama bibi harusi. Wameru huuita Kirimara. Kilele chake kirefu kabisa, Batian, kina mita 5,199. Na kibla hakikusumbui, kwa kuwa Makka iko kaskazini kutoka huko, karibu sawasawa kama tulivyozoea Mombasa. Mstari wa ikweta wenyewe unapita kati ya Nkubu na Meru.

Chakula nacho kisikutie wasiwasi. Misikiti ipo Embu na Meru, na jirani na msikiti hakukosekani mkahawa wa Kiislamu. Kwingineko kuna mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga, kuna githeri ya mahindi na maharagwe, na ndizi za kila namna. Ukikaribishwa kibuyu, uliza kwanza kilichomo, kwa kuwa asali ya Mbeere na Tharaka ni dawa, lakini uki utokanao na asali hiyo ni pombe. Mwenyeji hatakasirika ukikataa kwa adabu.

Sasa tutazame yenyewe yaliyotupeleka. Mjini Meru kuna makumbusho yaliyomo katika jengo la mwaka 1916, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kizungu. Humo mna vyombo na mila za Wameru. Kisha liko Ziwa Nkunga katika msitu wa Imenti, ziwa dogo ambalo wenyeji waliliheshimu tangu zamani. Kwenye njia ya kwenda Maua, mahali paitwapo Nchiru, ndipo penye nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo mpaka leo huamua magomvi ya ardhi na ya jamaa. Hapo usiingie kama aingiaye sokoni. Omba ruhusa, wala usipige picha kabla ya kuulizia.

Mwenye nafasi na asonge mbele kupita Maua mpaka Mbuga ya Wanyama ya Meru. Huko ndiko Joy na George Adamson walikomrudisha porini simba jike Elsa, aliyekufa mwaka 1961, na kaburi lake lipo hapo. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, si kwa fedha mkononi. Na upande wa Embu yako mabwawa ya Mto Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyojengwa kati ya mwaka 1968 na 1988. Mtu wa Garsen au Kipini akiyatazama, atajua maji yake hukaa wapi kabla ya kumfikia.

Lakini kwangu mimi lenye uzito kuliko yote ni masimulizi ya Wameru juu ya asili yao. Wao husema walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, na wako wanahistoria wanaodhani kisiwa hicho ni Manda, jirani na Lamu. Huko walitawaliwa kwa mabavu na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani watu wa nguo nyekundu, waliowapa mitihani migumu mmoja baada ya mwingine. Mwishowe kiongozi wao Koomenjoe aliwatoa usiku, maji yakapasuka wakapita. Msomaji aliyepita chuoni atakumbuka mara moja kisa cha Nabii Musa na Firauni. Iwapo mambo yalikuwa hivyo hivyo au sivyo, hilo ni la wanazuoni. Ila sikiliza lugha yao: mtu ni muntu, nyumba ni nyomba, mbuzi ni mburi. Hayo si maneno ya wageni.

Nayasema haya kwa sababu ugomvi upo. Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, zikafuata Kilifi na Taita Taveta, kwa kulia na hali ya vijana wetu. Serikali kuu ikasema marufuku hayo hayana nguvu, kwani zao hilo latambuliwa na sheria, na Mahakama Kuu mjini Embu ikayasimamisha. Mama wa Kisauni ambaye mwanawe hali wala halali ana haki ya kulia. Lakini mkulima wa Mbeere, kwenye ardhi kame isiyoota chai, naye ana karo ya watoto ya kulipa, na muguka ndio umlipao. Mwenye kufika kwake ataona kwamba si adui, na pia atapata nafasi ya kumweleza, uso kwa uso, yale yanayotokea huku. Magomvi ya nyumba huamuliwa na waliokaa mkeka mmoja.

Kwa hivyo ukirudi, jaza kikapu chako. Soko la Gakoromone mjini Meru lina ndizi, viazi, njahi na viondo vya kusukwa. Asali inunue Mbeere, uionje kabla ya kulipa. Na kahawa ichukue, kwani hapo kwenye miteremko hiyo ndipo Waafrika walipoanza kuruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, na wenyeji wenyewe hupendelea chai ya maziwa. Ukiitia katika dele, ukawaita wenzio barazani, utakuwa na kitu cha kutoka Meru kinachoweza kunywewa na mzee na kijana bila ya mtu kumgombeza mwenziwe.