TAKA ZA MIJI MIDOGO NA HATARI YA JALALA LA KORONGONI

Miji ya nyanda za juu za Mkoa wa Manyara imejengwa penye miteremko. Mbulu, wenye Halmashauri yake ya Mji, na Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ulio chini ya mlima wa mita 3,417, yote miwili hupokea maji yashukayo kwa kasi wakati wa mvua. Katika miji ya namna hiyo korongo huonekana kuwa mahali rahisi pa kumwaga taka: halilimwi, halina mwenyewe, na kilichotupwa humo hakionekani tena. Lakini korongo ni njia ya maji. Kitupwacho humo mwezi wa Agosti hukutwa Aprili katika mashamba ya bondeni na mahali pa kunyweshea mifugo.

Watu wa Hanang hawahitaji kuelezwa nguvu ya maji. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka; tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Maafa hayo hayakutokana na taka. Hata hivyo, yeyote anayechagua mahali pa jalala katika nchi hiyo hana budi kuuliza kwanza maji yatapita wapi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na inataka taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa. Sharti hili la pili husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lenye nafuu kwa halmashauri yenye fedha kidogo. Dampo la kisasa, kama la Muriet jijini Arusha au la Kibele huko Unguja, hutandikwa chini tabaka lisilopitisha maji, hukusanya maji machafu yachuruzikayo kutoka katika taka, na taka zake hufukiwa kwa udongo. Ujenzi wake ni ghali. Kulijaza maganda ya ndizi na majani ya kabichi ni kutupa fedha.

Sehemu kubwa ya taka za miji ya Tanzania ni mabaki ya chakula na ya sokoni, yaani vitu viozavyo. Hivyo vikitengwa huwa mboji, na Mbulu hakukosi mahali pa kuitumia: yapo mashamba ya vitunguu saumu, na Wairaqw wa Kainam wamerutubisha ardhi yao kwa samadi tangu zamani. Chuma chakavu huwa na wanunuzi. Chupa za plastiki ni shida zaidi, kwa kuwa viwanda viko mbali na mzigo ni mwepesi lakini mkubwa. Hazina budi kukusanywa kwa wingi na kushindiliwa kabla ya kusafirishwa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine vingali vikizagaa, hasa baada ya siku ya mnada. Ng'ombe akila plastiki haisagiki. Hubaki tumboni na kujikusanya, mnyama akakonda na hata kufa majani yakiwapo. Kwa mfugaji wa Hanang, hasara hiyo huanzia katika jalala lisilo na uzio.