Saa ya Malkia, Nambari 160

Mnamo mwaka 1783 ofisa mmoja wa walinzi wa Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa alimwagiza fundi saa Abraham-Louis Breguet, wa Paris, atengeneze saa ya mfukoni yenye kila utaratibu uliojulikana na mafundi wa zama zile. Gharama haikuwekewa mpaka, wala muda. Sharti lilikuwa dhahabu itumike badala ya metali nyingine kila inapowezekana. Mwanafunzi wa kemia ataelewa sababu ya maneno hayo ya mwisho: dhahabu haishiki kutu, lakini ni laini mno kwa kamani, ambayo hukunjwa na kukunjuka maelfu ya mara. Kazi hiyo huhitaji feleji.

Malkia hakuiona saa hiyo. Aliuawa mwaka 1793. Breguet naye alifariki mwaka 1823, na saa ikakamilika mwaka 1827, ikiwa na vipande 823.

Saa hiyo hugonga kengele za saa na dakika, hupima joto, na kalenda yake hutambua yenyewe Februari ya mwaka mrefu. Lakini kwa maoni yetu utaratibu unaostaajabisha zaidi ni ule unaoonyesha tofauti baina ya saa na jua. Dunia hulizunguka jua katika njia ya duaradufu, na mhimili wake umeinama. Kwa hiyo jua halifiki utosini kila baada ya saa 24 kamili. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia saa zetu kwa dakika 16 hivi. Katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14. Mafundi huigiza mwendo huo kwa kibamba chenye umbo la figo, kinachozunguka mara moja kwa mwaka. Wenzo mdogo hufuata ukingo wake na kusogeza akrabu. Mwalimu anaweza kuuhakiki mwendo huo kwa kijiti na kivuli chake uwanjani.

Mwaka 1917 saa hiyo ilinunuliwa na Sir David Salomons, Mwingereza aliyekusanya kazi za Breguet kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Binti yake, Vera, alizipeleka nyingi katika jumba la makumbusho alilolianzisha Jerusalem. Usiku mmoja wa Aprili 1983 mwizi aliingia humo na kuiba saa 106, Nambari 160 ikiwamo. Ilitoweka kwa zaidi ya miaka 20. Saa maarufu kiasi hicho haiuziki kwa siri, na kuiyeyusha kwa ajili ya dhahabu yake kungekuwa upumbavu. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba imerudi makumbusho.