Goti bandia likivimba, duka la dawa sio pa kwanza kukimbilia

Leo naleta habari ya goti la bibi yangu, ila somo ni la kila mwenye mzee nyumbani.

Bibi aliwekewa goti bandia Dar, akarudi Kilindoni akawa anakwenda sokoni mwenyewe. Mwaka wa pili akapata kidonda mguuni. Siku chache baadaye goti likavimba, likawa la moto, na homa juu. Mjomba akasema tununue antibayotiki dukani yaishe. Kwa kweli hata mimi nilikuwa upande wake, maana boti mpaka Nyamisati, halafu gari mpaka Mbagala, na mgonjwa mkononi, si mchezo. Nesi jirani ndiye aliyetuzuia: "Msimpe kidonge kabla hajapimwa!" Nikaanza kuuliza na kusoma.

Kumbe iko hivi. Goti bandia ni chuma na plastiki, damu haipiti ndani yake, kwa hiyo kinga ya mwili haifiki vizuri. Bakteria wakiingia hung'ang'ania pale na kujijengea utando, kama ule utelezi wa chini ya ngalawa iliyokaa sana majini. Vidonge huua walio nje, wa ndani ya utando wanabaki. Uvimbe unapungua, mnashangilia, halafu unarudi. Tena vidonge vinaharibu kipimo: daktari akivuta maji ya goti kwa sindano ili maabara waoteshe wadudu, wanaweza wasionekane kabisa.

Sasa upasuaji wenyewe. Kama tatizo lina siku au wiki chache na chuma hakijalegea, goti linafunguliwa, nyama mbovu inaondolewa, linaoshwa kwa maji mengi, plastiki inabadilishwa, chuma kinabaki. Dawa zinafuata kwa wiki nyingi.

Mkichelewa, mara nyingi chuma chote kinatolewa. Mahali pake inawekwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibayotiki, inatoa dawa polepole humo humo gotini. Mgonjwa anatibiwa kwa dawa wiki kama 6, wadudu wakiisha anapasuliwa tena kuwekewa goti jipya. Njia hii ya awamu mbili ilielezwa mwaka 1983 na John Insall na wenzake wa New York, na mpaka leo inatumika. Wapo madaktari wanaofanya yote kwa mara moja. Ikishindikana kabisa, mifupa inaungwa na goti halikunji tena, au mguu unakatwa.

Msiogope goti bandia lakini. Kati ya watu 100 wanaowekewa, ni 1 au 2 hivi wanaopata maambukizi haya. Hapa kwetu kazi ya viungo bandia inafanyika MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996.

Bibi tulimvusha kesho yake, vidonge hatukumpa. Akapasuliwa mara moja tu, akaoshwa, chuma chake kikabaki. Sisi wa kisiwani siku zinaliwa na safari, tusiziongeze za kusubiri vidonge. Mzee wako ana goti bandia na limevimba? Mpeleke hospitali leo leo, na mkifika semeni mapema: "Hili goti ni la bandia."

Mwenye swali au yaliyomkuta aandike hapo chini.