Wimbo wa Nne

Mtu anayeisikiliza albamu ya kwanza ya Tracy Chapman kwa mara ya kwanza, akifika wimbo wa nne anaweza kudhani spika zimekatika. Gitaa limenyamaza. Ngoma hazisikiki, besi haipo. Imebaki sauti ya mwanamke peke yake, akisimulia jinsi alivyokesha akisikia mwanamke mwenzake akipiga mayowe upande wa pili wa ukuta. Polisi wakiitwa huchelewa, na wakifika husema mambo ya mke na mume hawayaingilii. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime: msikilizaji wa Kiswahili anaijua kauli hiyo, na katika wimbo huu anaonyeshwa inavyoweza kuishia. Unaitwa "Behind the Wall", na haufiki dakika mbili.

Anayetaka kupima albamu ya kwanza ya mwimbaji angefaa kuanzia kwenye wimbo wa namna hii, kisha ndipo avigeukie vibao vilivyotamba. Kibao kinaweza kuletwa na bahati, na mtayarishaji hodari, au na kampuni yenye fedha za kukipigia debe. Lakini wimbo ambao redio hazina haja nao humweka mwimbaji wazi. Hapo ndipo panapojulikana ameona nini maishani, anathubutu kusema nini, na analiamini koo lake kwa kiasi gani.

Chapman alikuwa ametimiza miaka 24 siku sita tu kabla albamu hiyo, iliyopewa jina lake mwenyewe, haijatoka kwa kampuni ya Elektra tarehe 5 Aprili 1988. Alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, akalelewa na mama yake katika maisha ya dhiki. Ufadhili wa masomo ulimpeleka shule ya bweni huko Connecticut, kisha akasoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston. Wakati huo alikuwa akiimba barabarani na kwenye mikahawa, gitaa mkononi. Mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, alimsikia na kumpelekea habari baba yake, aliyekuwa katika biashara ya uchapishaji wa muziki. Mlango ukafunguka.

Kwa hiyo nyimbo nyingi za albamu hii hazikutungwa kwa sababu studio imelipiwa na muda unakwenda. "Talkin' 'bout a Revolution", unaofungua albamu, aliutunga akiwa bado msichana wa sekondari. Albamu ya pili, "Crossroads", ilifuata mwaka 1989. Anayezilinganisha albamu mbili za mwimbaji yeyote lazima alikumbuke jambo hili: ya kwanza ilikuwa na miaka yote ya ujana ya kuiva, ya pili ilipewa miezi.

Muziki wa pop wa 1988 ulikuwa umejaa vinanda vya umeme na mashine za ngoma. Mtayarishaji David Kershenbaum, aliyekwisha kufanya kazi na Joan Baez na Joe Jackson, angeweza kumvisha binti huyu vazi hilohilo. Alikataa. Aliiweka sauti na gitaa mbele, wapiga vyombo wengine akawapa kazi ya kuunga mkono tu. Kusikia faida yake, sikiliza "Fast Car". Gitaa linarudia mnyororo uleule wa noti, beti baada ya beti, huku msichana akieleza hali yake: baba mlevi, mama aliyeondoka, shule aliyoiacha ili amtunze mzee. Kiitikio hakiji. Beti nne zinapita ndipo ngoma zinaingia kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza wimbo unapumua. Ajabu ni kwamba kiitikio hicho chenye furaha yote ni kumbukumbu. Kinasimulia usiku uliokwisha kupita, gari likienda kasi na mkono wa mpenzi ukiwa begani. Wimbo unapofika mwisho, mpenzi huyo naye amekuwa mlevi, na mwanamke anamtaka aamue kama anaondoka.

Sasa tazama jinsi nyimbo zilivyopangwa, kwa sababu hapa ndipo penye akili kubwa kuliko yote. Wimbo wa kwanza unaahidi kwamba maskini watainuka na kuchukua kilicho chao. Wa pili unamshika maskini mmoja na kuonyesha ugumu wa kuinuka hata kwa mtu mwenye mpango na bidii. Wa tatu, "Across the Lines", unaingia mji uliogawanywa na reli, Weupe upande huu na Weusi upande ule, hadi fujo inalipuka. Wa nne unaondoa vyombo vyote na kuacha ukuta. Kila wimbo unaudai wa kwanza ahadi yake. Ni baada ya hapo tu ndipo "Baby Can I Hold You" unakuja kufunga upande wa kwanza wa kaseti, laini na wenye huzuni, na msikilizaji aliyekuwa amekaza meno anaupokea kama maji.

Upande wa pili hauna nguvu hiyo, na si haki kuficha. "Why?" unauliza maswali mazito kuhusu njaa na silaha, lakini hauna mtu ndani yake; unaulizia dunia nzima, na kwa sababu hiyo hauchomi kama ule wa ukuta. "She's Got Her Ticket", wenye mdundo wa rege, unarudia hamu ya kukimbia iliyokwisha kusemwa vizuri zaidi katika "Fast Car". Albamu inasimama tena inapomrudisha binadamu mmoja mwenye kisa chake, kama katika "For My Lover", ambamo mwanamke amekwenda jela kwa ajili ya mpenzi. Nguvu ya Chapman ni masimulizi. Anapohubiri, anapungua.

Tarehe 11 Juni 1988 aliimba uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, aliyekuwa bado kifungoni. Stevie Wonder alipokwama kwa kukosa diski ya chombo chake, Chapman, aliyekuwa ameshaimba mapema, alirudishwa jukwaani na gitaa lake. Tamasha lilirushwa katika nchi zaidi ya 60. Baada ya wiki chache albamu ikawa namba moja Uingereza, kisha Marekani, na mwaka 1989 ikamletea tuzo tatu za Grammy, ikiwamo ya msanii bora mpya.

Tukio la Wembley husimuliwa kama bahati, na bahati ilikuwapo. Ila wimbo uliotegemea mashine usingeweza kupandishwa jukwaani ghafla namna ile. Uamuzi uliofanywa studio, wa kuacha wazi nafasi ambazo wengine wangezijaza, ndio uliouwezesha muziki wa Chapman kusimama mbele ya uwanja mzima kwa gitaa moja.

Kipimo kingine kilikuja miaka 35 baadaye. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa kantri, mzungu kutoka North Carolina, aliimba "Fast Car" bila kuyageuza maneno ya yule msichana anayesimulia yawe ya mwanamume. Toleo lake lilifika namba mbili Marekani. La Chapman lilikuwa limefika namba sita. Mwaka huo Chapman akawa mtunzi wa kwanza Mweusi kushinda tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri, CMA. Februari 2024 wawili hao waliuimba pamoja kwenye Grammy. Sauti ilibadilika, aina ya muziki ikabadilika, na wimbo ukabaki na uzito wake.

Albamu yenyewe inafungwa na "For You", gitaa na sauti tu. Msichana huyu amezungumza kwa dakika zaidi ya thelathini, kuhusu foleni za maskini, reli, ukuta na jela. Katika wimbo wa mwisho anamgeukia mtu anayempenda, na maneno yanamwishia.