Mbuzi wa Uani na Mboga za Gunia Kampala

Mbuzi wa Kampala hulishwa na jiko kuliko malisho. Maganda ya matoke yanayomenywa alfajiri katika vibanda vya chakula na masoko ya Kalerwe, Nakawa na Owino hutiwa maguniani, hupakiwa kwenye boda boda, na kabla ya adhuhuri yamemfikia mnyama aliyefungiwa nyuma ya nyumba huko Kawempe, Makindye au Rubaga. Kinyesi chake, punje kavu zisizo na uchafu mwingi, huozeshwa kisha hujazwa katika magunia na madumu ya mboga yaliyopangwa kando ya ukuta. Kiwanja cha kawaida cha mjini ni futi 50 kwa 100. Ukiondoa nyumba, choo na njia ya kupita, ardhi inayobaki haitoshi shamba, lakini mbuzi watatu na magunia kumi huenea.

Ufugaji na kilimo cha namna hii havikuletwa Kampala na semina za miaka ya karibuni. Kibuga, mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, uliozunguka Mengo, ulikuwa mji wa nyumba zilizofichwa na migomba. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa ikameza Mengo na vijiji vya pembezoni, na vijiji hivyo viliingia mjini na migomba yao, mihogo yao na mifugo yao. Kisha ikaja miaka ya 1970. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 biashara iliporomoka, mshahara ukawa haununui kitu, na hata watumishi wa serikali wakashika jembe katika viwanja vya wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Daniel Maxwell alikuta karibu theluthi moja ya kaya za Kampala zikilima ndani ya mji, kazi hiyo ikiwa mikononi mwa wanawake zaidi. Yeye na wenzake walibaini pia kwamba watoto wa kaya zilizolima walikuwa na kimo kizuri zaidi kwa umri wao kuliko wenzao wa kaya zisizolima.

Kisheria, hata hivyo, wanawake hao walikuwa wakosaji. Sheria za afya na mipango miji zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza zilihesabu mahindi na mbuzi mjini kuwa uchafu wa kuondolewa. Nafuu ilikuja na sheria ndogo za jiji zilizochapishwa mwaka 2006, ambazo zilikubali kilimo na ufugaji wa mjini kwa masharti: mnyama asizurure, mboga zisilimwe mahali palipochafuliwa, na anayefuga kwa biashara awe na kibali. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011, ina kituo chake cha kilimo Kyanja, katika tarafa ya Nakawa, na wakazi huenda huko kujionea mboga zilizopandwa katika vyombo na mifugo midogo ya uani. Ziara moja ya Kyanja humfaa anayeanza kuliko vijitabu vitatu.

Maganda ya matoke, ambayo kwa Luganda huitwa ebiwaata, ndiyo msingi wa yote. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya chakula na majani, na kwa miaka mingi zilipelekwa dampo la Kiteezi, Wakiso. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la Kiteezi liliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mbuzi hawezi kumaliza tatizo la taka la jiji zima, lakini kila gunia la maganda linaloishia horini ni gunia lisilobebwa na lori.

Maganda hayo yana hila zake. Sehemu nne kati ya tano za ganda bichi ni maji. Mbuzi mwenye kilo 30 huhitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo angelishwa maganda matupu angepaswa kula kilo tano hivi, na bado angekosa protini. Wafugaji wazoefu huyaanika nusu siku yanyauke, huyakatakata, na hawayaachi yapite nusu ya mlo. Inayobaki hujazwa na majani: marando ya viazi vitamu, majani ya mfenesi, matete, na matawi ya miti ya malisho kama kaliandra na lukina, ambayo hustawi hata kama ua wa kiwanja. Mbuzi ni mla matawi. Hupenda kunyanyua kichwa na kuchuma, na chakula kilichoning'inizwa hukila kwa uchu kuliko kilichotupwa sakafuni na kukanyagwa. Huhitaji pia jiwe la chumvi na maji safi kila siku, hata msimu wa mvua.

Kuna vitu vitatu vya kuogopwa. Cha kwanza ni majani ya parachichi. Mti huo umejaa katika nyua za Kampala, na majani yake yana sumu inayodhuru moyo wa mbuzi na kukausha maziwa. Cha pili ni maganda na majani mabichi ya muhogo mchungu, yenye sianidi. Yakikatwa na kuanikwa sumu hupungua. Cha tatu ndicho kinachoua bila kushukiwa: kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Maganda ya sokoni hufika yamechanganyika nayo, na mbuzi akimeza vipande vya kutosha, vipande hivyo hujifunga katika tumbo la kwanza, naye hukonda huku tumbo limejaa. Kuchambua gunia la maganda kabla ya kulimwaga ni kazi ya dakika kumi, na wengi huiruka.

Kuhusu aina, Waganda wanaye mbuzi wao. Mbuzi wa Mubende, mwenye manyoya mafupi meusi, amezoea hali ya eneo la kati, na ngozi yake husifiwa na watengenezaji wa viatu na mikoba. Yeye ni wa nyama. Maziwa yake humtosha mtoto wake. Mbuzi wa Kigezi, mwenye manyoya marefu, ni wa milima ya kusini-magharibi. Anayetaka maziwa hutafuta chotara wa Saanen au Toggenburg, na anayetaka mwili mkubwa hutafuta chotara wa Boer wa Afrika Kusini. Damu ya kigeni ikizidi, gharama ya chakula na dawa huzidi nayo, na familia inayofuga kwa mara ya kwanza huwa imefanya busara ikianza na majike wawili wa Mubende au chotara. Beberu hana haja ya kukaa kwenye kiwanja kidogo. Harufu yake huwafikia majirani kabla ya sauti yake, na jike huhitaji kupelekwa kwake mara moja tu kwa mimba.

Banda zuri huinuliwa juu ya nguzo, sakafu ikiwa nusu mita hadi mita moja kutoka chini, na hutengenezwa kwa fito au mbao zilizoachiana nafasi ya sentimita moja na nusu hivi. Nafasi hiyo hupitisha kinyesi na mkojo lakini hainasi kwato. Kila mbuzi mzima huhitaji mita mbili za mraba hivi, paa lisilovuja, na ukuta unaozuia upepo na mvua lakini unaoacha hewa ipite juu. Faida kubwa ya sakafu ya juu ni afya. Minyoo ya tumbo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, na mnyama asiyelala wala kula juu ya kinyesi chake huambukizwa kwa nadra. Mbuzi anayefungwa kamba kando ya barabara huko Bwaise, kwa upande mwingine, hula nyasi zile zile alizozichafua jana, humeza kaveera na moshi, na siku moja hugongwa.

Minyoo mibaya zaidi hunyonya damu, na athari yake huonekana jichoni: kope la chini likivutwa na ndani yake pakawa peupe badala ya waridi, mnyama ana upungufu wa damu na anahitaji dawa. Kuwapa dawa wote kila mwezi bila kuangalia huifanya minyoo iizoee. Magonjwa mawili ya kuambukiza yasiyo na mzaha ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Uganda kwa mara ya kwanza Karamoja mwaka 2007, na homa ya mapafu ya mbuzi. Yote mawili yana chanjo, na mbuzi aliyenunuliwa mnadani anapaswa kutengwa majuma mawili au matatu kabla ya kuchanganywa na wenzake. Kwato hupunguzwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa mbuzi wa bandani hana mawe ya kuzisaga.

Jike huingia joto kila siku 21 hivi, hubeba mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa pacha kuanzia uzazi wa pili. Hesabu hiyo ya miezi mitano ina maana kubwa mjini, kwa sababu bei ya mbuzi Kampala hufuata kalenda ya sherehe. Hupanda karibu na Iddi ya kuchinja, wakati Waislamu wa Kibuli na Old Kampala wanapotafuta wanyama wasio na kasoro, hupanda tena Krismasi, na katikati ya hapo zipo harusi na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Nyama ya kuchoma, ambayo Waganda huiita muchomo kwa neno walilolichukua kwenye Kiswahili, huliwa mwaka mzima.

Chini ya banda ndipo bustani inapoanzia. Mbuzi mmoja hutoa nusu kilo hadi kilo moja ya kinyesi kwa siku, na ndani ya miezi michache majike wawili huwa wameacha lundo linalotosha magunia mengi. Samadi mbichi haipaswi kugusa mboga za majani, maana hubeba vijidudu vya kuharisha. Huchanganywa na mabaki ya majani yaliyokataliwa horini, hufunikwa, hugeuzwa kila baada ya wiki mbili, na kuachwa miezi mitatu mpaka ipoteze harufu na ifanane na udongo mweusi. Mkojo unaokingwa chini ya sakafu huzimuliwa kwa maji mara kumi na kumwagwa shinani, mbali na majani.

Gunia la bustani hujazwa hivi: kopo lisilo na mfuniko wala kitako husimamishwa katikati na kujazwa kokoto, pembeni hutiwa mchanganyiko wa udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, na mchanga au makapi ya kahawa sehemu moja. Kopo huvutwa juu, hujazwa tena, mpaka gunia lijae likiwa na mhimili wa mawe unaopeleka maji hadi chini. Pasipo mhimili huo juu huwa tope na chini huwa vumbi. Matundu hutobolewa ubavuni kwa mstari wa kupishana, na kila tundu hupata mche wake. Njia hii ndiyo iliyoenezwa na shirika la Solidarités huko Kibera, Nairobi, kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Gunia la plastiki huliwa na jua na hudumu misimu michache tu. Dumu la njano la lita 20 lililokatwa ubavu hudumu zaidi, ilmradi halikubeba dawa wala mafuta ya mashine, na litobolewe chini.

Ubavuni hupandwa sukuma wiki, spinachi na vitunguu vya majani. Juu hukaa nyanya, biringanya au ntula, yaani nyanya chungu. Dodo, yaani mchicha, huvunwa baada ya wiki tatu au nne tangu mbegu zichipue. Nakati, mboga inayopendwa kuliko zote mezani kwa Waganda, huchukua wiki sita hadi nane. Sukuma wiki huchumwa jani kwa jani kwa miezi. Mvua za Kampala, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hupunguza kazi, lakini gunia hukauka upesi kuliko ardhi, na katika jua la Januari hudai maji asubuhi na jioni. Maji ya kuoshea mchele na mboga hutumika vizuri. Ya sabuni ya kufulia huharibu udongo.

Sumu ya mjini ndiyo hatari ya mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu barabara za Kampala ulikuta risasi katika udongo na majani ya mboga zilizo karibu na magari, ikipungua kadiri mtu anavyokwenda mbali, na mita 30 za kwanza ndizo zilizotiliwa shaka zaidi. Petroli yenye risasi iliachwa wakati ule ule, lakini risasi haiozi udongoni. Hapo gunia lina faida, kwa kuwa mkulima huchagua udongo wa kulijaza, na udongo wa kandokando ya mfereji wa Nakivubo haufai hata bure. Vumbi la majani huondoka kwa kuoshwa.

Familia isiyo na chanzo cha uhakika cha maganda karibu na nyumba isinunue mbuzi. Ianze na magunia, na samadi ichukuliwe kwa jirani anayefuga. Wengi huitoa kwa furaha, mradi mwenye kuitaka aje na gunia lake.