Friza ya Busia, dhamana isiyovuka mpaka

Friza yangu ya samaki ilizima mwezi wa nne tangu niivushe Busia kuileta Mbale, chini ya mlima Wanale. Kadi ya dhamana ilisema mwaka mzima. Nikairudisha, nikakodi na mkokoteni pale mpakani. Mwenye duka, upande wa Kenya, akaitazama kadi: "Mama, haina muhuri. Halafu dhamana hii ni ya Kenya tu."

Karani wa mahakama Mbale alinisikiliza. Uganda ina utaratibu wa madai madogo tangu 2011: dai lisizidi shilingi milioni 10, husimamiwi na wakili, na mdaiwa hupewa kwanza notisi ya siku 14. Lakini mdaiwa wangu yuko ng'ambo.

Kenya nayo ina mahakama ya madai madogo, kwa sheria ya 2016, mwisho shilingi milioni 1 za kwao. Sheria ya mauzo ya huko hudai bidhaa ifae kazi uliyomtajia muuzaji, kadi iwe na muhuri au isiwe nao. Nilimtajia samaki. Atasingizia umeme wetu (haujatulia, sikatai). Risiti ninayo, Jumatatu navuka.