Sanduku la Vyombo vya Mwenye Pikipiki

Askari hufundishwa kuisafisha bunduki yake kabla ya kupewa risasi. Jambo hilo tumelizoea tangu chuoni, lakini wengi wetu hulisahau mara tupandapo pikipiki tulizonunua kwa mishahara yetu. Pikipiki za serikali zina mafundi wao katika gereji za vikosi, wala si ruhusa kuzigusa bila amri. Makala haya yanahusu ile iliyo mali yako, iliyoegeshwa nyuma ya nyumba.

Usiku mmoja, nikiwa luteni mpya, cheni iliyolegea iliruka meno ikanikwamisha porini. Nilikuwa na koleo tu. Kwa koleo hilo nilijaribu kufungua nati ya ekseli ya nyuma, nikazilainisha pembe zake zote, kisha nikaisukuma pikipiki hadi alfajiri. Nilichelewa gwaride, na adhabu niliyopewa niliistahili. Hapo ndipo nilipotambua kwamba chombo kisicholingana na kazi huongeza hasara.

Basi ni vyombo gani vya lazima? Kwanza ni spana za nambari 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Chagua zenye pete upande mmoja, kwa kuwa pete huishika nati kwa pembe zote, na mdomo wazi hubana pande mbili tu. Pili ni bisibisi bapa na ya nyota ambazo ncha zake hazijalika. Tatu ni spana ya plagi. Kipimo chake hutofautiana baina ya pikipiki na pikipiki, hivyo ijaribu kwako kabla hujailipia. Nne ni vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka, gundi, pampu na geji ya upepo. Mwisho ni vile vipande vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita fila, vya kupimia nafasi ya plagi na ya valvu. Ongeza brashi, vitambaa, karai la kukingia oili na kitabu cha pikipiki yenyewe.

Wako wasemao kwamba pikipiki imara haihitaji haya. Na watazame Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambazo matunzo ni haba: valvu zake husukumwa na fito za chuma badala ya cheni ya ndani, na mara nyingi cheni yake ya nyuma hufunikwa kwa bati. Hata hivyo, nafasi ya valvu zake ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na hakuna jicho liwezalo kuikadiria nafasi hiyo bila fila.

Kwa sanduku hilo, nusu saa ya kila wiki yatosha. Pima upepo kabla ya safari, tairi zingali baridi. Tazama kiasi cha oili. Safisha cheni na kuipaka mafuta, kisha pima ulegevu wake. Kwa pikipiki nyingi ndogo ulegevu huo ni kati ya milimita 20 na 30, lakini neno la mwisho ni la kitabu. Kaza nati zote. Oili chafu usiimwage ardhini. Itie katika dumu, uipeleke gereji.

Iko pia mipaka. Kupasua injini, kunyoosha fremu, na breki usizozielewa, hizo ni kazi za fundi. Kutambua mwisho wa ujuzi wako nako ni nidhamu.

Ndugu askari na polisi, wito wa usiku haungoji fundi aamke. Kagua sanduku lako kama unavyokaguliwa wewe: kila chombo mahali pake, kikavu, kimepakwa mafuta. Chombo kilichoazimwa na kisirudi ndicho utakachokihitaji siku utakapokwama.